Je, Wajua? Karafuu, vanila na pilipili zina pete moja

Je, wajua kwamba harufu ya karafuu, harufu ya vanila na ukali wa pilipili hutokana na molekuli zenye kiini kimoja?

Kiini hicho ni pete ya benzini: atomi 6 za kaboni zilizoshikana kwa duara. Mkemia Mjerumani August Kekulé alipendekeza umbo hilo mwaka 1865. Katika benzini yenyewe, kila kaboni imeshika atomi moja ya haidrojeni. Haidrojeni ikiondoka na kundi jingine likakaa mahali pake, tabia ya molekuli hubadilika.

Katika viungo hivi vitatu, makundi mawili ni yaleyale: haidroksili (oksijeni na haidrojeni) na jirani yake methoksi (oksijeni, kaboni 1 na haidrojeni 3). Tofauti iko kwenye kundi la tatu, lililo mkabala na haidroksili:

• Likiwa mnyororo mfupi wa kaboni 3, tunapata eujenoli, sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu za Unguja na Pemba.
• Likiwa aldehidi, tunapata vanilini.
• Likiwa mnyororo mrefu wenye naitrojeni, tunapata kapsaisini, inayowasha ulimi.

Ndiyo maana wakemia waliweza kutengeneza vanilini kutokana na eujenoli: pete haikuguswa, kilichobadilishwa ni mkia tu. Madaktari wa meno nao huchanganya eujenoli na oksidi ya zinki kupata saruji ya kuziba jino kwa muda.