Uliyeanguka, ngoja kwanza na maji ya moto

Mvua ikinyesha milima yetu inateleza. Mtu anaanguka, ngozi haikupasuka, lakini ndani mishipa midogo imekatika na damu imevuja katika nyama.

Mimi niliumia paja. Jirani, kwa upendo wote, akanikanda kwa maji ya moto jioni ileile. Asubuhi goti halikupinda! Moto hufungua mishipa, damu ikazidi kutoka. Siku mbili za kwanza tumia kitambaa chenye maji baridi, dakika 15 hivi, mara kadhaa kwa siku, na mguu uinuliwe. Kukanda kwa nguvu kunaweza hata kuotesha mfupa ndani ya nyama. Kuchanja kwa wembe kunaingiza vidudu. Dawa ya maumivu iwe parasetamoli, si aspirini, maana hiyo inazuia damu kuganda.

Weusi ukishuka kuelekea goti, ukageuka kijani kisha manjano, usiogope. Jeraha la ndani sana huchukua hata mwezi mzima.

Lakini mguu ukikaza kama jiwe, vidole vikifa ganzi, maumivu yakizidi kupanda, usingoje ibada ya Jumapili. Mgonjwa apelekwe hospitali usiku huohuo. Tutaomba tukiwa njiani.