Bugando Umemaliza, Kidonge Bado

Mama wa miaka 32 mwenye saratani ya titi akirudi kwao Kagoma kutoka hospitali ya Bugando, dripu za kemo zimekwisha, mionzi imekwisha na nywele zimeanza kuota, nyumbani hupokewa kama aliyepona. Lakini mkobani ana tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku kwa miaka 5, pengine 10. Wenye saratani inayolishwa na homoni ndio hupewa, na kwenye kidonge hiki ndipo wengi huteleza. Kidonge kinaleta joto la ghafla usiku na kuvuruga hedhi, na asiyeumwa haoni sababu ya kumeza dawa. Akiacha, anaongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi, hata miaka mingi baadaye.

Kuna jambo jingine ambalo halimhusu bibi wa miaka 65: mimba. Hedhi iliyokatika baada ya dripu haimaanishi kwamba mimba haitaingia, na tamoksifeni inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Basi mama huyu anakwenda uzazi wa mpango, anapewa sindano au kijiti kama wenzake kwenye benchi. Vyote viwili vina homoni; havimfai. Kinachomfaa ni kitanzi cha shaba au kondomu. Muuguzi atajuaje, na blauzi imefunika kovu la upasuaji? Dada, sema mwenyewe, na kadi ya Bugando uiweke mezani.

Ukitaka mtoto, usiache dawa kimyakimya. Utafiti wa POSITIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulifuatilia wanawake zaidi ya 500 wasiozidi miaka 42, waliosimamisha dawa baada ya kuitumia miezi 18 hadi 30 ili wazae. Katika miaka michache ya mwanzo, kusimamisha huko hakukuonekana kuwaongezea hatari. Ila walipangiwa na madaktari, na dawa iliachwa miezi 3 kabla ya kutafuta mimba.

Halafu mkono. Tezi za kwapani zikitolewa, mkono wa upande ule unaweza kuvimba hata baada ya miaka, nao pengine ndio unaoshika kisu cha kumenyea ndizi. Sisemi uache kibanja. Kuutumia mkono kunausaidia. Ukijikata, osha kwa sabuni papo hapo. Mkono ukiwa mwekundu na wa moto, nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Kliniki ni kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka 3 ya mwanzo, kisha muda kati ya ziara huongezeka. Picha ya matiti ni kila mwaka. Asiye na dalili hana haja ya kuuza mbuzi alipie CT. Lakini kikohozi kisichoisha, mfupa unaouma usiku na mchana, au kinundu kando ya kovu havingoji tarehe ya kadi: nenda hospitali ya Rubya, Ndolage au Kagondo, popote palipo karibu, wakuandikie rufaa.