Pikipiki ya Kanali Aliyejishusha Cheo

Mwaka 1922 mtu mmoja mfupi wa kimo alifika katika ofisi ya kuandikisha askari wa Jeshi la Anga la Uingereza, mjini London, akajiandikisha kwa jina la John Hume Ross na kupewa cheo cha chini kabisa. Jina lake halisi lilikuwa Thomas Edward Lawrence. Miaka minne tu nyuma alikuwa kanali, mshauri wa Waarabu waliopigana kuung'oa utawala wa Waturuki, na sifa zake zilikuwa zimeenea duniani. Sababu za mtu kama huyo kujishusha kwa hiari yake zimejadiliwa sana na wanahistoria, wala hapa si mahali pake. Lakini kilikuwapo kitu kimoja ambacho askari huyo hakukubali kukikosa, kitu kisicholingana hata kidogo na mshahara wa bwenini. Kitu hicho ni pikipiki aina ya Brough Superior.

Pikipiki hizo zilitengenezwa katika mji wa Nottingham na George Brough, aliyeanza kazi hiyo kwa jina lake mwenyewe mwaka 1919. Baba yake naye alikuwa mtengenezaji wa pikipiki. Husimuliwa kwamba mzee aliposikia mwanawe ameongeza neno "Superior", maana yake bora zaidi, aliuliza kama basi zile zake yeye ndizo duni. Mzee alikuwa na haki ya kukasirika, ila mwana hakukosea sana.

Jambo la ajabu ni kwamba George Brough hakutengeneza sehemu nyingi za mtambo wake. Injini alizinunua kwa kampuni ya JAP ya London, na vyombo vingine kwa mafundi wengine. Ustadi wake ulikuwa katika kuchagua na kuunganisha. Kila pikipiki iliunganishwa mara mbili. Mara ya kwanza vyuma vilifungwa vikiwa vitupu, ili ionekane kama kila kimoja kinakaa mahali pake barabara. Kisha vyote vilifunguliwa, vikapakwa rangi au kuchovywa katika nikeli, ndipo vikafungwa tena moja kwa moja. Aina iliyoitwa SS100, iliyoanza mwaka 1924, ilitolewa pamoja na hati yenye sahihi, kuthibitisha kwamba pikipiki hiyo imejaribiwa ikafikia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Bei yake ilikuwa kama pauni 170, fedha zinazokaribia mshahara wa mwaka mzima wa mfanyakazi wa kiwandani wa siku zile. Hadi kazi ilipokoma mwaka 1940 kwa sababu ya vita, zilikuwa zimetoka pikipiki zipatazo 3,000 tu.

Mteja hakuchukua kilichopo dukani. Alisema anachotaka, na mtambo ukatengenezwa kwa kipimo chake kama kanzu ya mshonaji. Ndiyo maana ni shida kupata mbili zinazofanana kabisa. Lawrence aliagiza kwa namna hiyo mara kwa mara. Alimiliki saba, mmoja baada ya mwingine. Alizipa jina la Boanerges, yaani Wana wa Ngurumo, lile ambalo katika Injili ya Marko Yesu aliwapa Yakobo na Yohana. Ile ya saba, aliyoipata mwaka 1932, ilikuwa na tangi la mafuta la chuma kisichoshika kutu, lililotengenezwa kwa ajili yake. Mwaka 1926 alimwandikia Brough barua kumweleza kwamba tangu mwaka 1922 alikuwa amekwisha kwenda maili 100,000 juu ya pikipiki zake tano za kwanza.

Hakuwa mtu wa kuiweka ndani na kuifuta vumbi. Alipokuwa katika kambi ya Cranwell, safari zake za mjini zilikuwa pia za kuwanunulia wenzake wa bwenini soseji na vitoweo vingine, na siku moja alishindana mbio na ndege ya kivita iliyokuwa ikiruka juu ya barabara. Kila askari aliyewahi kuchoka na chakula cha kambi atamwelewa kwa zile soseji.

Alistaafu mapema mwaka 1935. Tarehe 13 Mei alitoka nyumbani kwake Clouds Hill, akaenda posta ya kambi ya Bovington kupeleka simu ya maandishi. Akiwa njiani kurudi, mbele yake walitokea vijana wawili wa baiskeli. Alijaribu kuwakwepa, akamgusa mmoja, akarushwa. Pikipiki ilipokaguliwa ilionekana imo katika giya ya pili, ambayo mwendo wake hauzidi kama kilomita 60 kwa saa. Kwa mtu aliyezoea 160, huo ulikuwa mwendo wa matembezi. Kichwani hakuwa na kofia ya kumkinga. Alifariki tarehe 19 Mei bila kupata fahamu, akiwa na umri wa miaka 46.

Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtazama alikuwamo Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Baadaye Cairns alichunguza kwa makini vifo vya wapanda pikipiki. Mwaka 1941 alitangaza matokeo yake: katika miezi 21 kabla ya vita walikufa watu 1,884, na katika miezi 21 ya kwanza ya vita, barabara zikiwa gizani kwa kuogopa ndege za adui, walikufa 2,279. Wengi waliumia kichwani. Waliovaa kofia ngumu katika majeruhi aliowaona yeye walikuwa saba tu, na wote saba walipona. Mwezi Novemba mwaka huo huo Jeshi la Uingereza liliamuru kila mpanda pikipiki wake avae kofia hiyo akiwa kazini. Raia wa huko walingoja sheria yao hadi mwaka 1973.

Ama pikipiki za Brough, siku hizi ni mali ya matajiri. Mwaka 2016 nane zilizokuwa zimetupwa ghalani huko Cornwall kwa zaidi ya miaka 50, nyingine zikiwa vipande na kutu, zilipigwa mnada. Moja ilinunuliwa kwa pauni 331,900. Mnunuzi hutazama kwanza nambari ya injini na ya fremu, kisha hutafuta kadi ya kiwandani iliyoandika mteja wa kwanza alitaka nini. Hapo ndipo ubishi unapozuka. Wako wanaorudisha kila kitu kama kadi inavyosema, na wako wanaobadili breki kwa sababu zile za zamani ni dhaifu kwa mtambo wenye mbio namna hiyo. Ni vigumu kuwalaumu hawa wa pili, maana George Brough mwenyewe aliishi kwa kubadili mitambo kama mpandaji alivyopenda.

Pikipiki ya saba ya Lawrence haikuumia sana siku ile. Ilirudishwa Nottingham, ikatengenezwa, ikauzwa kwa mtu mwingine, na ingaliko hadi leo. Ya nane alikuwa amekwisha kuiagiza.