Plau Haliinuki: Nguvu ya Mafuta katika Trekta

Swali la leo huulizwa sana katika mabonde ya mpunga, Cheju, Kibokwa na kwengineko, hasa masika yakikaribia: trekta limefika kondeni, injini yanguruma vizuri, lakini plau haliinuki. Fundi asema, "haidroliki imekufa." Hiyo haidroliki ni kitu gani?

Chukua mabomba mawili ya sindano, moja dogo na moja kubwa. Yajaze maji, uyaunganishe kwa mpira mwembamba. Ukisukuma lile dogo kwa kidole, lile kubwa litanyanyua mzigo, ingawa polepole. Maji hayakubali kubanwa. Ukiyasukuma huku, yatasukuma kule. Ndani ya trekta mambo ni hayo hayo, ila pahala pa maji pana mafuta, na pahala pa kidole pana pampu inayozungushwa na injini. Dereva akivuta mkono wa valvu, mafuta huingia katika silinda na kuinua mikono ya nyuma iliyobeba plau au mashine ya kuburuga. Harry Ferguson, mtu wa Ireland, ndiye aliyeuleta mpango huo wa mikono mitatu katika trekta lake la mwaka 1936, na jina lake bado limo katika Massey Ferguson. Usukani wa matrekta mengi nao husaidiwa na mafuta. Ndiyo maana injini ikizimika usukani huwa mzito.

Basi mara nyingi ugonjwa umo katika mafuta. Chomoa kijiti cha kupimia. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Yakiwa na povu, pampu inavuta hewa, pengine kwa sababu mafuta yamepungua. Chujio likiziba, plau hupanda kwa kusitasita. Na kwa kuwa katika matrekta mengi mafuta hayo ndiyo yanayolainisha giaboksi pia, kumimina chochote kilichobaki ndani ya dumu ni kuharibu viwili kwa pamoja. Tumia aina iliyotajwa katika kitabu cha trekta.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa watu hupoteza vidole. Tairi la gari dogo lina upepo wa bar 2 na kitu. Mafuta katika mpira wa trekta hufika bar 150 na zaidi. Mpira ukitoboka tundu la ncha ya sindano, mafuta hutoka kwa kasi ya kupenya ngozi, hata glavu. Kwa hiyo usipapase mpira kwa mkono kutafuta panapovuja; pitisha kipande cha boksi. Yakikuingia utaona kijidoa tu, pengine bila ya maumivu makali, lakini ndani nyama huanza kufa. Usikande, usipake dawa, usingoje kesho. Nenda hospitali saa ile ile, umwambie daktari kuwa ni mafuta ya haidroliki yaliyoingia kwa nguvu, kwani huenda ukahitaji kupasuliwa upesi.

Kabla ya kufungua mpira wowote, teremsha plau mpaka chini, zima injini, kisha sogeza ule mkono wa valvu huku na huku ili nguvu iliyobaki itoke. Plau lililoinuliwa hushikiliwa na mafuta tu. Sili ikivuja, hushuka lenyewe. Watoto wanaofuata trekta wakae mbali, na fundi asiingie chini yake bila ya kuweka gogo imara la kulizuia.