Mapambo ya Krismasi katika Chumba Kimoja

Nyumba nyingi za Kiswahili jijini Dar es Salaam zimejengwa kwa mtindo wa vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi, na si ajabu familia nzima kupanga chumba kimoja tu. Chumba cha meta 3 kwa 3 kikishabeba kitanda, meza, kabati la vyombo na ndoo za maji, hakibakiwi na mahali pa kusimamisha mti wa Krismasi. Nafasi pekee iliyo wazi ni ile ya juu, baina ya vichwa vya watu na dari. Huko ndiko mapambo hayana budi kwenda. Na huko ndiko hewa ya moto itokayo kwenye taa na jiko ikusanyikapo. Hivyo apambaye chumba kidogo kwa karatasi hana budi kujua mambo mawili kwa pamoja: jinsi karatasi inavyopendeza na jinsi inavyowaka.

Nyota yenye ncha sita haihitaji kipimapembe. Duara lenye nusukipenyo cha sentimeta 8 lichorwe kwa bikari juu ya boksi jembamba la biskuti, na upana wa bikari usibadilishwe. Sindano iwekwe popote juu ya mzingo, penseli ikate alama, kisha sindano ihamie penye alama hiyo, na kuendelea vivyo hivyo. Alama ya sita huangukia pale pale pa kuanzia. Hilo si bahati: mstari uungao alama mbili jirani ni sawa na nusukipenyo, kwa hiyo alama hizo pamoja na kitovu hufanya pembetatu sawa, yenye nyuzi 60 kila pembe, na sita za namna hiyo hutimiza nyuzi 360. Alama zikiunganishwa kwa kuruka moja moja, hupatikana pembetatu mbili zilizolaliana, nazo ndizo nyota. Asiye na bikari atumie uzi na msumari.

Kabla ya kukunja, mistari itiwe mfuo kwa mgongo wa kisu. Ile sita itokayo kitovuni hadi kwenye ncha ikunjwe kwa kuinuka, na ile sita iendayo kwenye mabonde ya katikati ya ncha ikunjwe kwa kudidimia. Nyota hutuna, na kila ncha hupata nyuso mbili zipokeazo mwanga kwa pembe tofauti, moja nyeupe na moja yenye kivuli. Ndiyo maana nyota iliyobandikwa karatasi ya daftari isiyo na rangi yoyote hupendeza kuliko nyota bapa iliyopakwa rangi za duka zima.

Gundi hupikwa kwa kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ngano au wa muhogo katika nusu kikombe cha maji. Unga ukorogwe kwanza katika maji baridi. Ukitiwa katika maji yanayochemka, wanga wa nje ya kila donge huiva na kulifunga, nao unga wa ndani hubaki mkavu. Wafunga vitabu wa zamani walitia mrututu katika gundi yao ili kuwazuia wadudu. Lakini mrututu ni sumu, haufai penye watoto.

Mnyororo wa karatasi ndio pambo rahisi kuliko yote. Vipande vya sentimeta 16 kwa 2, vikipandana sentimeta 1 penye gundi, hutoa pete zenye kipenyo cha karibu sentimeta 4.8. Kutoka pembe moja ya chumba hadi ya pili yake kwa mshazari, kwa kanuni ya Pythagoras, ni meta 4.24, zinahitajika pete 90 hivi. Mnyororo huo ukiwa wa karatasi ya kuandikia hauzidi gramu 30, na bado mara nyingi hukutwa umeanguka asubuhi. Kosa ni kuuvuta sana. Ukiachwa ubonyee sentimeta 40 katikati, kani ya kuuvuta kila mwisho hukaribia mara 1.3 ya uzito wake. Ukikazwa hadi ubonyee sentimeta 5 tu, kani hiyo hupita mara 10. Gundi mbichi huteleza na pini huchomoka katika lipu. Mnyororo uliolegea kidogo hudumu, na kwa kweli ndio upendezao.

Sasa moto. Kitabu kinene hakiwaki upesi, lakini kurasa zake zikichanwa na kutawanywa huteketea mara moja, kwa sababu kila ukurasa una hewa pande zote mbili na uzito mdogo wa kupashwa joto. Karatasi hushika moto penye joto la nyuzi 230 za sentigredi hivi. Mnyororo, basi, ni karatasi iliyokwisha tayarishwa kuwaka, na ukishuka ukutani kuelekea mezani huwa utambi: moto ukishika ncha ya chini huipasha ile iliyo juu yake. Kwa hiyo mapambo yaishie juu, mbali na taa ya chemli, mshumaa na jiko. Jiko la mkaa, kwa hewa yake ya sumu, halistahili kuwa chumbani hata siku isiyo ya sikukuu.

Nguvu ya hewa hiyo ya moto yaweza kuonyeshwa darasani. Duara la karatasi likatwe kwa kuzunguka kama konokono, litundikwe kwa uzi, na mwalimu alishike kwa mkono nusu meta juu ya taa. Hewa ipandayo, yaani myuko, hulizungusha. Nyumbani duara kama hilo litundikwe dirishani. Upepo wa Desemba wa pwani hufanya kazi ile ile bila hatari.

Balbu ya uzi wa metali isitiwe ndani ya nyota, kwani zaidi ya sehemu 9 katika 10 za umeme wake hugeuka kuwa joto.

Badala ya mti, tawi la mvinje katika kopo la mchanga uliolowa latosha. Mvinje wafanana na misonobari, lakini ni mmea utoao maua. Zile zionekanazo kama sindano ni vitawi, na majani yenyewe ni magamba madogo mno penye vifundo. Kila siku kitawi kimoja kipindwe. Kikipindika, tawi lingali na maji. Kikikatika kwa mlio, tawi litolewe nje siku hiyo hiyo, hata kama Mwaka Mpya haujafika.