Usonji: Haki ya Mtoto Iandikwe Katika Sheria

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Allah Subhanahu wa Taala, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, miaka kadhaa iliyopita mama mmoja alimleta mwanawe chuoni kwangu. Mtoto alikuwa na umri wa miaka sita, hasemi, hamtazami mtu usoni, na wenzake wakianza kusoma kwa sauti huziba masikio na kulia. Siku ya tatu nilimwambia mama yake: "Mrejeshe nyumbani kwanza, mama. Akitulia utamleta." Hakumleta tena. Baadaye ndipo nilipofahamu kuwa mtoto yule alikuwa na usonji, na kwamba nilimfungia mlango asiye na kosa. Namuomba Allah anisamehe, na makala hii ni sehemu ya deni langu kwake.

Usonji ni nini?

Usonji ni tofauti katika namna ubongo unavyokua. Dalili zake huanza utotoni: mtoto huchelewa kusema, haitiki akiitwa jina lake, hurudia jambo moja mara nyingi, hukerwa na sauti au mguso. Wengine husema vizuri na kusoma hadi vyuo vikuu. Wengine huhitaji kusaidiwa maisha yao yote. Hauambukizi, hauletwi na chanjo, wala si malezi mabaya ya mama. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji. Basi usidhani kuwa mtaani kwako hayumo.

Hapa visiwani mtoto kama huyu huambiwa ana shetani, akazungushwa kwa waganga miaka na miaka. Kumsomea mtoto Qur-ani na kumuombea dua ni jambo jema. Lakini Mtume (s.a.w.) alihimiza pia kutafuta matibabu, na kumfunga mtoto au kumpiga kwa madai ya kumtoa jini ni dhulma. Usonji hauna kidonge cha kuuondoa. Kinachosaidia ni mazoezi ya kusema, mazoezi ya shughuli za kila siku kama kula na kuvaa, na mafunzo kwa wazazi. Kila yanapoanza mapema ndivyo yanavyofaa zaidi.

Kwa nini sheria, isitoshe sadaka?

Sadaka ina malipo makubwa kwa Allah. Lakini mazoezi haya ni ya kila wiki, kwa miaka. Mfadhili huchoka au hufariki, na mzazi akabaki kuomba upya. Mzazi wa Pemba anayemfuata mtaalamu Unguja hulipa boti, malazi na siku za kazi alizozipoteza, yote kwa saa moja ya mazoezi. Haki iliyoandikwa haimngojei mwenye huruma.

Hatuanzi patupu. Zanzibar ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2006, ikafuatiwa na nyengine mwaka 2022. Mwaka 2023 ikaja sheria iliyoanzisha Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanza na watumishi wa umma. Mlango upo. Kazi yetu ni kuhakikisha mtoto mwenye usonji anapita humo kwa jina lake, si kwa kubahatisha.

Wako waliotutangulia katika njia hii. Nchini Marekani, kampuni za bima zilikuwa zikikataa kulipia matibabu ya usonji. Wazazi na jumuiya zao wakawaendea wabunge wa majimbo yao. Indiana ikatunga sheria mwaka 2001, na kufikia mwaka 2019 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria au kanuni za namna hiyo. Bima zao ni za kibiashara, na hizo sizo ninazoziigiza. Ninachochukua ni subira ya wazazi wale na kujua kwao mlango wa kubisha.

Je, si bima ni haramu?

Suali hili huulizwa sana. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985, liliona kuwa bima ya kibiashara yenye ada maalumu ina gharari kubwa inayouharibu mkataba, na likaelekeza kwenye bima ya kusaidiana. Kwa mtazamo wangu, mfuko wa umma usiotafuta faida, ambao mzima humchangia mgonjwa, uko karibu na mlango huo wa taawun tulioamrishwa katika Suratul Maida, aya ya 2. Kudai uwahudumie wanyonge ni kuamrisha mema.

Tuombe nini, na kwa nani?

Kwanza, kila mtoto achunguzwe dalili za usonji anapopelekwa kliniki kwa chanjo. Pili, Serikali isomeshe na iajiri wataalamu wa mazoezi haya, Unguja na Pemba. Tatu, kitita cha Mfuko kiutaje usonji waziwazi, na kilipie mazoezi ya mfululizo. Nne, walimu wa skuli na vyuo vya Qur-ani wafundishwe kuwapokea watoto hawa.

Mwendee Mwakilishi wa jimbo lako. Peleka maoni Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Andika mambo yako mwenyewe: mtoto aligundulika lini, ulikwenda wapi, ulilipa kiasi gani. Msiende mmoja mmoja. Wazazi kumi wa shehia moja husikika zaidi. Na maimamu, tarehe 2 Aprili ni Siku ya Usonji Duniani, iliyopitishwa Umoja wa Mataifa mwaka 2007 kwa pendekezo la Qatar. Ijumaa iliyo karibu nayo iwe na khutba yake.

Kufanya haya hakupunguzi tawakkul. Allah alimzindua Mtume wake katika Suratu Abasa kwa ajili ya kipofu mmoja aliyekuja kutaka kujifunza. Sisi tuna watoto wangapi wanaongojea mlangoni?

Wabillahi tawfiq.