Mwandishi, Usitoke Kongamanoni Mikono Mitupu

Umechapisha kitabu chako mwenyewe, lakini jina lako bado halijulikani sana. Kongamano ni nafasi nzuri. Ikiwa ni Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, Kabarak ama hoteli za jiji la Nakuru, utakutana na walimu na wahadhiri, watu wanaochagulia wengine vitabu vya kusoma. Jipange hivi:

1. Piga hesabu kabla ya kupanda matatu
Tuseme nakala moja imekugharimu shilingi 350 kuchapisha, nawe unaiuza 600. Faida ni 250. Kama usajili ni 2,000 na nauli pamoja na chakula ni 500, lazima uuze nakala 10 ndio urudishe gharama. Waulize waandaaji mapema: meza ya vitabu inalipiwa?

2. Rahisisha malipo
Watu hununua wakati wa chai, na chai haichukui muda. Andika bei na nambari ya till kwa maandishi makubwa, pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mnunuzi. Jina hilo likiwa tofauti na lile la jaladani bila maelezo, mtu atasita. Kama huna till, Pochi la Biashara itatenganisha pesa za vitabu na pesa zako za nyumbani, kwa laini hiyo hiyo.

3. Thibitisha kwa simu yako
Usikubali kuonyeshwa meseji kwenye simu ya mnunuzi. Meseji bandia zipo. Ngoja yako iingie, ama angalia salio. Mtandao ukichelewa, mwambie kwa upole, "Samahani mwalimu, tungoje kidogo." Na nambari ya siri usimpe mtu yeyote, hata anayekusaidia mezani.

4. Omba ruhusa ya kuwasiliana
Hapa ndipo wengi huteleza. Jina na nambari ya mnunuzi zikionekana kwenye meseji ya malipo, hiyo si ruhusa ya kumwingiza kwenye grupu la WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari hizo. Weka daftari mezani. Anayetaka kusikia kuhusu kitabu chako kijacho aandike nambari mwenyewe. Majina manane ya watu waliokubali yana faida kuliko themanini ya watu watakaokublock.

5. Fuatilia kabla hujasahaulika
Ndani ya siku mbili, watumie walioandika daftarini meseji fupi: shukrani, jina la kitabu, na jinsi ya kuagiza nakala nyingine. Mwalimu aliyenunua moja anaweza kukualika kwenye chama cha Kiswahili shuleni kwake.

Mwisho, pitia taarifa yako ya malipo na uilinganishe na nakala zilizobaki. Hata ukiuza tano tu, ukirudi nyumbani na wasomaji wanaotaka kusikia kutoka kwako, safari hiyo haikuwa ya bure.